Chai Iliyopogolewa Masika

Siku moja kabla ya kurudi kambini, Ambakisye alinipeleka kwao Nkunga nikamuage mama yake. Tulikuwa askari wa kikosi kimoja, yeye wa Nkunga na mimi wa Mpuguso, na likizo yetu ilikuwa inakwisha. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, sabuni na khanga zimeanza kurudi madukani, naye alikuwa amemnunulia mama yake doti nzima. Tulimkuta ameivaa shambani, panga mkononi, anapogoa chai.

Kwa asiyetoka kwetu nitaeleza kidogo. Mchai ukiachwa unageuka mti. Kwa hiyo kila baada ya miaka michache tunaukata hadi usawa wa goti, na shamba lililokuwa limefunga linabaki tambarare. Kazi hiyo ni ya kiangazi. Chai ikikatwa wakati wa mvua vidonda vyake vinaoza, na hata mtoto wa Rungwe anajua.

"Mama, khanga mpya unaipeleka kwenye chai?" Ambakisye alimtania.

"Nimeivaa ili majirani waione," alisema. "Na nisipokata siuoni mlima."

Kweli, kutoka mlangoni kwake, chai ikiwa fupi, Mlima Rungwe ulikuwa mbele yako mzima, msitu wake mweusi chini na wingu juu. Tulikaa kizingitini tukala ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando. Ambakisye alikuwa na tabia ya kuungoja mlima huo. Aliacha kutafuna wingu lilipoanza kupanda.

"Angalia, Asajile. Anavua kofia."

Mimi nilikuwa nimeuona mlima huo tangu nizaliwe, nikamwambia ale ndizi, zinapoa. Alicheka. Kisha akamgeukia mama yake. "Safari ijayo chai hii naikata mimi. Wewe utakaa hapa mlangoni, unatazama tu."

"Haya," mama alisema. "Nitakungoja."

Muda si mrefu tulivushwa kwenda Msumbiji, kuwasaidia majirani zetu dhidi ya waasi. Nilikuwa nimejiandaa kwa jangwa, au msitu, au kitu chochote cha kigeni. Sikujiandaa kwa Zambezia. Gari lilipanda mlima, ukungu ukafunguka kidogo, nikaona vilima vya chai, migomba kwenye mabonde, na maji yakishuka mwambani. Ambakisye alinishika mkono. Kama mtu angenifunga macho na kunishusha pale, ningeuliza njia ya kwenda Tukuyu.

Hicho ndicho kilichonitisha kuliko bunduki. Mahali pa kigeni unajua pa kuogopa. Pale, kila kitu nilichokipenda tangu utotoni kilikuwa kinaweza kuniua. Mashamba yalikuwa yametelekezwa, michai imekuwa miti, na sisi tulipita chini yake tumeinama, matone yanatuingia shingoni, hatuoni mbele wala pembeni. Vyura wakinyamaza, tunasimama. Mimi ni mwoga, nilikuwa mwoga wakati ule na ninasema wazi. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, nami nilikuwa nimekwisha kuchagua kicheko.

Dawa yangu ilikuwa Ambakisye. Tukipumzika alinitembeza nyumbani kwa maneno, kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini. Siku moja alinipeleka Ziwa Masoko, maji ya kijani yametulia katikati ya miti. Kesho yake alinipeleka kwenye Daraja la Mungu, tukasikiliza mto Kiwira ukigonga mawe chini yake. Safari zote ziliishia kizingitini kwa mama yake. Mimi niliyempuuza akiungoja mlima, sasa ndiye niliyekuwa nauliza, "Na wingu? Limeshapanda?"

Asubuhi moja tulikuwa doria na sajini wetu, mtu wa Tanga pwani, mwenye huruma lakini asiyeweza kutofautisha mchai na mbuni. Mvua ilikuwa inanyesha tangu juzi yake. Tulikuwa tumetembea muda mrefu ndani ya michai mirefu, mara ghafla ikaisha, na mbele yetu kukawa na mwanga.

Mteremko mzima ulikuwa umekatwa usawa wa goti. Juu yake kulikuwa na migomba, na bati la nyumba. Nyuma ya nyumba ulisimama mlima, wingu likiwa kileleni.

Sajini aliinua mkono tusimame. "Nyie wa Tukuyu," alinong'ona, "hii maana yake nini?"

"Hapa pana watu, afande," Ambakisye alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa wa nyumbani. "Chai imepogolewa. Mwenye shamba yupo, anafanya kazi."

Nami niliamini hivyo hivyo. Shamba lililokatwa vizuri, kwetu, ni nyumba yenye moto jikoni. Sajini aliona tunakubaliana, akaitikia kwa kichwa.

Ambakisye alitangulia. Alipofika katikati alisimama wima, kama mtu anavyosimama kando ya uwanja wa watu kabla hajakaribishwa, akaita salamu ya kwetu, "Ugonile!"

Hakuna aliyeitika.

Aliinua kichwa kuutazama mlima.

Mimi nilitazama chini. Matawi yaliyokatwa yalikuwa yamelala kati ya mistari, majani bado mabichi. Tone la mvua likanianguka kwenye mkono.

Mvua.

Nani anapogoa chai masika?

Nilifungua mdomo. Risasi zikatangulia.

"Lala! Lala!" Sajini alipiga kelele.

Nililala. Visiki havifichi mtu. Waasi walikuwa wamekata ili watuone.

Udongo uliruka karibu na sikio langu. Nilikuwa natetemeka hadi kofia ya chuma inagonga kisiki, na nilidhani mlio ule unasikika mlima mzima.

"Asajile." Ilikuwa sauti ya Ambakisye, mbele yangu, kwa Kinyakyusa. "Uko mzima?"

"Nipo."

"Usije. Lala hapo hapo."

Hakusema tena.

Wenzetu waliokuwa nyuma walifyatua hadi waliokuwa migombani wakakimbia. Tulipomfikia alikuwa amelala chali, macho wazi, mvua inayaingia. Nilitaka kumfumba macho, vidole vyangu havikukubali. Sajini ndiye aliyemfumba. Hakuzikwa Nkunga.

Niliporudi nyumbani nilimweleza mama yake yote, hadi ile mvua. Hakulia mbele yangu. Kisha nikakaa Mpuguso miaka, nikaoa, nikalima, bila kukanyaga tena Nkunga. Wageni wanaokuja kwetu wanasema Rungwe ni nchi nzuri, na wanasema kweli. Wanasimama kwenye mteremko wanapiga picha. Mimi nikifika penye uwazi ninatafuta pa kujificha.

Siku moja mama akanitumia salamu kwamba ananihitaji. Nilikwenda na panga, maana nilihisi ananiitia nini. Wakati ule kiwanda cha chai kilikuwa kimeuzwa kwa mtu binafsi, na majirani zake walikuwa wamesafisha mashamba wanachuma tena. Lake lilikuwa limeota hadi usawa wa paa. Nyumba ilikuwa gizani mchana.

"Alisema ataikata yeye," aliniambia. "Niliona vibaya kuikata. Lakini sasa macho yanaanza kuniacha, mwanangu, nami nataka kuuona mlima."

Nilianza upande wa mlangoni. Nikakata vibaya, nikakata tena. Michai iliangukia pembeni na mwanga ukaingia, mstari baada ya mstari. Halafu upepo ukapita, tawi moja likapasuka kwa kishindo nyuma yangu.

Nilijikuta nimelala kifudifudi kati ya visiki, panga liko chini ya kifua.

Nilisikia nyayo zake zinakuja taratibu. Hakuniambia niamke. Alikaa chini udongoni kando yangu, akachukua jani la zamani lililodondoka, akalisugua kati ya vidole likavunjika, kavu.

"Ni kiangazi, mwanangu," alisema. "Huu ndio wakati wake."

Nililala pale hadi pumzi ikatulia. Kisha niliamka nikaimaliza kazi, ikachukua siku kadhaa, na kila siku yeye alikaa mlangoni kama alivyoahidiwa. Siku ya mwisho alisogea kizingitini akaniachia nafasi. Ilikuwa nafasi ya Ambakisye, nikasita, halafu nikakaa.

Wingu lilikuwa limeanza kupanda.

"Ndaga," mama alisema polepole. Asante. Sikujua ananiambia mimi, au anamwambia mwanawe, au mlima.

Aliutazama hadi kofia ilipovuliwa yote. Mimi nilikaa kando yake, mgongo umegusa fremu ya mlango, nikiitazama migomba ya upande wa pili, kama imeficha mtu.