Debe la Mama Mkwe

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Lemara, na nikisema ni mpole simsifii. Upole wake umeshaniliza.

Wazoa taka wa mtaa wetu walikuwa wanarusha viroba kwenye lori kwa mikono, maji machafu yanawachuruzikia shingoni mpaka kifuani. Mume wangu akiwaona anakosa raha. Akaanza kuunda kikapu cha chuma chenye mkono wa kukiinua ubavuni mwa lori. Kila akikijaribu kinawamwagia watu maji. Anakivunja, anaanza upya. Mwishowe akakifanya kisimame kwanza katikati ya njia, kijiegemeze kwenye lori, maji yashukie kwenye bomba, ndipo kiendelee juu kumwaga taka. Siku hiyo wazoa taka walimbeba juu juu. Jamani, nilijisikia fahari!

Tukaomba hataza, ile haki ya kumzuia mtu kuiga ulichobuni bila ruhusa yako. Kampuni moja ya kuunda malori ikaweka pingamizi: eti hapo hakuna ubunifu, ni jambo la wazi, fundi yeyote angelifikiria. Angelifikiria! Mbona wao hawakulifikiria?

Kikao kilifanyika kwa video, sisi tukiwa ofisini kwa wakili wetu mjini. Wakili wa upande wa pili, dada mmoja mwenye adabu zake, akaanza na shikamoo. Kisha akauliza, "Mzee, wazo la kukiegemeza kwanza ulilitoa wapi?"

Wakili wetu alishamfundisha ajibu: nimelibuni mwenyewe. Basi. Mume wangu akainamisha kichwa, kama wanavyofanya kwao ukiwasifia.

"Mimi ni nani? Hiyo ni ya mama yangu, kule mlimani Akheri. Akibeba samadi mbichi huegemeza debe ukutani, maji yatoke, ndipo anajitwisha. Kina mama wote kule wanafanya hivyo."

Nikamfinya paja chini ya meza. Wapi! Wakili wetu akavua miwani. Yule dada akasema, "Ahsante mzee, sina swali lingine."

Tukakataliwa. Uamuzi ukasema ni jambo la wazi, hata wakulima wa mlimani wanalijua. Nilinuna mpaka nikawa napika bila kuonja.

Jumapili moja baada ya ibada tukapanda Akheri. Mama mkwe alikuwa amekaa jikoni anamenya ndizi. Nilipomaliza kumwamkia nikashindwa kujizuia.

"Mama, debe lako la samadi limetuponza." Nikamsimulia yote.

Akaweka kisu chini. "Samadi mbichi? Nani anabeba samadi mbichi, mwanangu? Tunaiacha ikauke ndiyo tunaipeleka kwenye migomba. Mimi sijawahi kuegemeza debe mahali."

Nikamgeukia mume wangu, nimewaka. Alikuwa anatazama maganda ya ndizi.

"Sasa ningesemaje, mama?" akamwambia mama yake. "Watu wazima wamekaa pale wananisikiliza. Niseme ni mimi?"

Hasira ikaniishia palepale, nikabaki na huruma tu. Mama mkwe akajifuta mikono kwenye kanga, akamshika mwanawe bega.

"Haya, hapa tuko wenyewe," akamwambia taratibu. "Sema nikusikie."

Mume wangu akavuta kigoda, akachukua kisu, akaanza kumenya ndizi zilizobaki.