Bakuli Moja Bila Chumvi

Moyo wa kaka yangu uligharimu ndimu mia tatu arobaini na tisa. Nilipohesabu mara ya pili zikawa mia tatu na hamsini, kwa sababu moja ilikuwa mfukoni mwangu. Vidonge sivihesabu, hivyo vilikuwa kazi ya daktari. Wala sihesabu maneno tuliyomrushia shemeji, maana hayo tungedaiwa mpaka leo.

Wakati huo kaka alikuwa fundi cherehani kwenye kibaraza cha nyumba yake, mtaa wa Biryogo mjini Kigali, nami nilikuwa nauza caguwa, nguo za mitumba, kule chini Muhima. Siku moja tukapanda pamoja kwenda kwake. Njiani akasimama mara tatu. Mara ya kwanza alisema anaangalia kitambaa dukani. Mara ya pili, kitambaa tena. Mara ya tatu alisimama mbele ya duka la misumari, mkono kifuani, akaikodolea misumari kama mtu anayetaka kushonea suruali. Mimi ni mtu wa soko: namjua mteja wa kweli na namjua anayepumzika. Jioni nikamwambia mkewe, na kesho yake asubuhi shemeji akampeleka kwa daktari kabla hajapata nafasi ya kukataa.

Daktari alisema presha imekuwa juu kwa miaka, kimya kimya, na moyo umechoka kusukuma. Ndiyo maana pumzi ilikuwa fupi, na ndiyo maana miguu ilikuwa ikivimba jioni. Akaandika vidonge. Kisha akaweka kalamu chini na kusema kwamba vidonge ni nusu ya kazi, nusu nyingine iko jikoni. Chumvi iondoke. Mafuta yapungue, na nyama yenye mafuta iwe ya kutazamwa tu. Mboga, maharage na matunda viongezeke.

"Mpikie chake, mama," akamalizia. "Sufuria yake ndogo, na sahani yake."

Shemeji alikubali yote isipokuwa hilo la mwisho.

Niseme kwanza jinsi tulivyokuwa tukila. Saa saba mchana cherehani zilisimama, na sisi wanaume tukakaa mkekani kuzunguka sinia moja: kaka, mimi, na fundi mwenzake aliyetoka Bukavu, mtu mnene mwenye cherehani ya pili pale kibarazani. Juu ya sinia ugali, na katikati ya ugali bakuli la maharage au la mboga. Mikono yote ilichovya humo humo. Kumtengea mtu sahani, kwetu sisi, ni kutangaza kwamba ana ugonjwa wa kuambukiza au ana ugomvi na wenzake. Shemeji aliliona hilo kabla yetu. Siku ile alileta sinia lile lile na bakuli lile lile. Ila chumvi haikuwemo.

Fundi wa Bukavu alichovya, akatafuna, akatazama juu kama anayesikiliza redio.

"Mama," akaita, "hii maharage iko sawa na maji ya kunawa. Tofauti, maji ya kunawa iko na sabuni."

"Basi kunywa hayo ya kunawa," shemeji akajibu kutoka ndani. "Nakupa bure."

"Lakini mbona tunaadhibiwa wote? Mgonjwa si ni mmoja?"

Akatoka, akasimama mlangoni akijifuta mikono kwenye kanga. "Hapa hakuna mgonjwa. Kuna mtu asiyekula chumvi, na kuna ndugu zake. Asiyetaka, hoteli ziko barabarani."

Hakuna aliyeinuka. Nakiri kwamba mimi nilipapasa mfukoni, mara mbili, nikaona hoteli hainifikishi mwisho wa wiki.

Vita vilikuwa vimefunga barabara ya kaskazini, ile iliyoleta bidhaa kutoka Uganda, na Kigali nzima ilikuwa ikilalamika kwamba chumvi imepanda bei. Sisi peke yetu tulilalamika kwamba haipo.

Lakini yule mwanamke hakuishia kuondoa. Alianza kutafuta. Alichoma vitunguu kwenye makaa mpaka ganda likawa jeusi, akavimenya, akaviponda ndani ya maharage. Akaleta kitunguu saumu, tangawizi, majani ya seleri, pilipili. Mawese, ambayo zamani aliyamimina kwenye isombe mpaka yale majani ya muhogo yakaogelea, sasa aliyapima kwa kifuniko cha chupa ya soda. Kifuniko kimoja kwa sufuria nzima. Nilimvizia siku kadhaa nikitumaini mkono utateleza, haukuteleza. Na ndimu: tano kila siku, na kazi ya kuzinunua ikawa yangu, kwa kuwa, alisema, "wewe unaweza kumlilia muuzaji mpaka akupe na mti." Ndipo hesabu yangu ilipoanzia.

Wiki ya sita nikashindwa. Sitasingizia ulafi, mlafi angalau hajifichi. Nilifunga kijiko kimoja cha chumvi kwenye karatasi, nikakitia mfukoni, na kaka alipokuwa akinawa mikono nikanyunyiza kidogo kwenye bakuli, upande wangu. Upande wangu, kana kwamba bakuli la maharage lina ukuta. Nilijua halina. Nilijifanya nimeujenga.

Fundi wa Bukavu aliniona, akaelewa, akala kimya. Kaka alichovya, akasita, kisha akapaza sauti ya kufika jikoni: "Mke wangu, leo maharage yamefika." Siku ya pili akarudia. Siku ya nne alimsifu mpaka akamshukuru na mama mkwe aliyemlea.

Kumbe sifa ndizo zilizotuuza. Shemeji alikuwa akipika vile vile, kwa mkono ule ule, na mtu ambaye hajabadilisha kitu akisifiwa siku nne mfululizo huanza kuchunguza. Siku ya tano alipiga magoti mbele ya kaka aliyekuwa ameketi kwenye cherehani, akatazama mkanda wa kiatu chake. Wiki iliyopita ulikuwa ukifungwa tundu la tatu. Sasa ulikuwa kwenye la kwanza, na nyama ya mguu ilikuwa imepanda juu ya ngozi ya kiatu. Akambonyeza ugokoni kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki, kama alama kwenye unga uliokandwa.

Hakuuliza ni nani. Alininyooshea mkono, kiganja juu, na mimi ambaye sijawahi kutoa kitu bila kubishania bei nikaitoa ile karatasi.

"Shemeji, nilinyunyiza upande wangu tu."

"Moyo wake hauna upande wako."

Kaka akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilijua toka siku ya kwanza. Nilinyamaza kwa kuwa yalikuwa matamu."

"Basi mko watatu," akasema, akimtazama na fundi wa Bukavu, ambaye ghafla alikuwa na uzi wa kutunga kwenye sindano. "Mimi niko mmoja. Na ndio ninyi mnaosema wanawake hawajui hesabu."

Kaka alirudishwa kwa daktari, akaongezewa vidonge, na kwa siku kumi hakuweza kukanyaga cherehani. Akijaribu, alishona kitambaa upana wa kidole kimoja na kuhema kana kwamba ameshona hema. Nilimsikia daktari akimwambia shemeji kwamba moyo ule hauna akiba ya kuchezea. Aliyeuchezea alikuwa amesimama pale pale, kofia mkononi.

Nilitegemea kufukuzwa. Badala yake nikapewa kazi.

"Wewe ni hodari wa kuhesabu," shemeji akaniambia. "Kila asubuhi, kabla hujashuka Muhima, pita hapa. Mbonyeze kaka yako ugoko. Hesabu mpaka shimo lijae. Uniletee namba jikoni."

"Na nikikosea?"

"Hesabu mara mbili. Si ndiyo tabia yako?"

Asubuhi ya kwanza nilifika thelathini na mbili na shimo bado lipo. Baada ya siku chache, ishirini na tano. Kisha kumi na saba, ila mimi, kwa mazoea ya soko, nikamwambia kumi na nne. Akaniambia nirudi nikahesabu tena. Hakuwa ameuona mguu. Alikuwa ameniona mimi.

Mchana tulikula sinia moja, bakuli moja, bila chumvi, na safari hii bila mifuko. Fundi wa Bukavu alialikwa arusi mtaa wa Sonatubes, akarudi amenuna. "Pilau iko chumvi tupu," akasema. "Wale watu wanajiua." Shemeji hakucheka, lakini siku hiyo alimwongezea ugali.

Kisha ikaja asubuhi nilipoondoa kidole na ngozi ikarudi kabla sijasema moja. Nikabonyeza mguu wa pili. Nikarudia wa kwanza. Nikaenda jikoni alipokuwa akichagua maharage.

"Sifuri," nikasema.

"Na wa pili?"

"Sifuri."

Akaweka ungo chini, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema moshi umezidi. Makaa yalikuwa hayajawashwa. Nikatoa ndimu iliyokuwa mfukoni, ile ya mia tatu na hamsini, nikaiweka juu ya maharage. Toka siku hiyo niliendelea kununua, ila sikuhesabu tena.

Mwaka wa tisini na nne ulituchukulia watu na nyumba, na hayo siwezi kuyaandika pembeni mwa habari ya maharage. Nitasema tu kwamba kaka alitembea hadi mpaka wa Tanzania kwa miguu ile ile niliyokuwa nikiibonyeza. Alikwenda pole pole. Kila aliposimama hapakuwa na dirisha la duka la kujifanya anaangalia, basi shemeji alisimama naye, wakaangalia barabara. Aliishi miaka kumi na saba baada ya hapo. Nimehesabu mara mbili.

Mwezi uliopita daktari alinipima mimi. Presha. Mke wa mwanangu, binti mwema, amenunua sufuria ndogo na kunitengea sahani yenye kifuniko. Nakula pembeni ya meza, wajukuu wanachovya kwao. Chakula ni safi, kimepimwa, na nakimaliza kama mtu anayemaliza foleni. Nimechoma vitunguu mwenyewe, nimeviponda, nimekamua ndimu. Ladha haiji.

Shemeji, najua huko Bukoba wajukuu watakusomea haya. Naomba unisaidie mambo mawili. La kwanza, ulifanyaje mpaka wanaume watatu wasiinuke mkekani? Nilikuwepo, maneno niliyasikia, nimeyatumia hapa kwangu na watu wamenionea huruma tu. La pili, ile ndimu: uliikamua sufuria ikiwa motoni, au ikishateremshwa? Nimejaribu njia zote mbili, mara mbili mbili.