Viatu Mkononi mwa Mama

Juzi, katika ofisi moja mjini Garissa, nilijiona ukutani kwenye bango la kuomba michango: msichana peku katika vumbi la kambi ya wakimbizi ya Ifo. Chini yangu waliandika, "Hana mtu."

Mchana nilipopigwa picha ile, mama alilifukiza gauni langu ubani kama siku ya Idi, nami niliamini harufu ile ingeingia pichani. Mgeni mwenye kamera alitaka nivue viatu.

"Wallahi, hivi ni vipya," mama alimwambia.

"Najua, mama. Na wewe sogea pembeni kidogo."

Mama alisogea, ameshika viatu vyangu. Bangili zake zililia karibu nami, kwa hiyo sikuogopa.

Mama alifariki bila kupigwa picha. Nililikagua bango pembeni kote, nikitafuta japo kivuli chake.