Nilibandua Utepe, Watu Wakapiga Magoti

Ndugu msomaji, nimekosa. Kosa langu lina upana wa sentimita mbili, lina rangi ya fedha, na upande mmoja lina gundi. Jina siandiki. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini sijui kama wahenga waliishi nyumba moja na mama mkwe.

Huyu mama mkwe wangu ni mpenzi wa ukurasa huu wa maungamo. Macho yake yamechoka, kwa hiyo mke wangu humsomea kila Jumapili tukiwa mezani. Na kila ungamo likiisha, anauliza jambo lilelile: "Huyu muntu, juu ya nini hakusema mbele?" Halafu anaomba chumvi.

Mimi ni fundi wa vioo hapa Lubumbashi. Nyumba nyingi za mtaa wa Golf zina madirisha yangu. Masista fulani walipojenga maternité, hospitali ya uzazi, upande wa Ruashi, waliniita mimi.

Kulikuwa na mlango mmoja mkubwa wa kioo. Upande huu korido, upande ule chumba cha kina mama waliojifungua. Sista mkuu alitaka kioo chenye waya ndani, kwa sababu wezi hawakipendi. Mhandisi wa ujenzi akakataa.

"Ma sœur, vitre ya waya inazuiya flamme, mais chaleur inapita tu. Moto ikiwaka mu couloir, bamama na batoto batachomeka bila moto kubagusa. Hapa tunatia coupe-feu ya kweli."

Sista akanigeukia. "Na weye fundi, unasema nini?"

Nikamwambia mhandisi ana haki: kioo cha waya huzuia ndimi za moto tu, joto hupita. Nilieleza vizuri sana, na leo naona aibu kwa jinsi nilivyoeleza vizuri. Hicho cha coupe-feu, yaani cha kuzuia moto, ni vioo kadhaa vilivyobandikwa pamoja, na katikati yake kuna tabaka za jeli usiyoiona kwa macho. Moto ukija, jeli inavimba, inakuwa povu jeupe gumu, na joto linabaki hukohuko lilikotoka. Sista akasema basi kiletwe.

Kilisafiri majuma mengi ndani ya sanduku la mbao. Kilipofika kilikuwa kimezungushiwa utepe wa rangi ya fedha ukingoni kote, na karatasi imebandikwa juu: usitoe utepe. Utepe ndio unaozuia unyevu usiingie kwenye jeli. Sitadanganya kwamba sikuisoma ile karatasi. Niliisoma mara mbili.

Tatizo, fremu ya chuma ilibana. Kioo kilikataa kuingia kwa tofauti ndogo kabisa, na kioo cha aina hiyo hakipunguzwi kazini. Nikampigia simu mchomeleaji aje aipanue fremu yake.

"Cadre iko muzuri," akanijibu. "Ni vitre yako njo iko munene."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi padri alikuwa anakuja kubariki jengo. Haraka haraka haina baraka, na mimi nilikuwa na haraka kwa sababu ya baraka. Nikachukua wembe, nikabandua utepe pande zote nne, nikaufinyanga, nikautia mfukoni. Kioo kikaingia chenyewe. Mungu wangu, nilivyojipongeza!

Jumamosi padri akanyunyiza maji ya baraka, mengine yakatua mlangoni. Nikajisemea moyoni, polepole na hayo maji, Padri.

Mvua zikaanza. Kwenye kona ya juu ya kioo kukatokea doa jeupe kama maziwa. Doa likashuka, likapanuka, likapata mabega. Nilijua papo hapo kwamba unyevu umeingia. Nilipanga kumwambia Sista Jumatatu.

Jumapili, mama mkwe wangu alikwenda kumwona jirani aliyejifungua. Akasimama mbele ya mlango ule. Akapiga magoti.

"Ni Mama Maria! Ona voile yake ku kichwa! Ona, iko na Mutoto mu maboko!"

Wauguzi wakaona. Kina mama wakaona. Nami nilipoitwa nije nione, ole wangu, nikaona! Kweli alifanana. Nikafanya ishara ya msalaba. Ungefanya nini?

Jumatatu sikusema. Jumanne watu walikuja na rozari kutoka hata mtaa wa Makomeno. Ijumaa kulikuwa na meza, kitambaa cha lesi, maua ya plastiki na mishumaa kumi na miwili. Mishumaa! Mbele ya mlango wa kuzuia moto, na aliyejua kwamba hauzuii tena kitu ni mmoja tu, na alikuwa amesimama pale na kofia mkononi.

Sista alihangaika. "Kanisa bado kusema kintu," aliniambia. "Mais bantu bakiomba, mi nitabafukuza namna gani? Weye fundi, hii weupe inatoka wapi?"

Ndugu zangu, niliulizwa waziwazi, mchana, na mtu mpole. Nikajibu: "Ma sœur, miye niko fundi tu."

Mama mkwe akawa kiongozi wa sala za alasiri. Nyumbani alinipenda kuliko zamani, maana binti yake alikuwa ameolewa na mikono iliyokitia kile kioo. Kuku akichinjwa, firigisi ilikuja kwenye sahani yangu kabla sijanawa. Niliila. Kila mara niliila yote.

Jumapili moja baada ya misa, mshumaa ukaanguka. Kitambaa kikashika, kisha maua ya plastiki. Kioo kilitakiwa kivimbe kiwe ukuta. Badala yake sehemu ya chini ilipasuka kama sahani, moto ukapenya, ukashika pazia la chumba cha kina mama.

Mama mkwe hakukimbia. Alilivuta lile pazia chini kwa mkono wake wa kuume, akalikanyaga mpaka likazima, huku wauguzi wakiwatoa kina mama na watoto kwa mlango wa nyuma. Hakufa mtu. Mama mmoja alijifungulia uani. Mtoto anaitwa Miracle.

Kesho yake mhandisi akaja. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kioo.

"Bande iko wapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia na Sista. Kazi ya masista sikuipata tena, na ni haki yangu. Kioo kipya kiliwekwa na fundi mwingine, pamoja na utepe wake. Sista hakunifokea hata kidogo. Alisema tu: "Ku mama mukwe yako, ni weye njo utasema."

Mpaka leo sijasema.

Vidole vya mkono ule ulioungua havikunjiki tena. Mama huyu alikuwa anasonga bukari ya watu ishirini bila kupumzika, na sasa hawezi kushika mwiko. Naumia kila sahani inapowekwa mezani. Yeye anatufariji sisi: "Mukono ni kintu kiloko, kidogo tu. Batoto bote beko."

Aliomba kipande chenye ile sura, kwa kuwa sehemu ya juu haikupasuka. Nikakileta, nikakitia kwenye fremu, kinaning'inia sebuleni kwetu. Ukingo wake niliuzungushia utepe, pande nne, raundi tatu. Kila jioni anasali mbele yake na kumwombea fundi aliyekiweka. Naitikia Amina pamoja na wengine.

Mafundi wenzangu, na ninyi mnaojenga shule, hospitali na maduka, nawaonya. Kuchagua kioo kizuri hakutoshi. Kiheshimuni mpaka ukingoni. Fremu ikibana, kateni fremu. Padri angengoja! Na ukishakosa, sema siku hiyohiyo, kosa likiwa bado ni kioo tu, kabla watu hawajalipigia magoti.

Mama, mke wangu akikusomea mpaka hapa, utauliza swali lako. Leo usiombe chumvi kwanza. Mtu mwenyewe amekaa mbele yako, na sahani yake hajaigusa.