Nilivyotengeneza sinema ya baba mkwe wangu bila kumtazama usoni

Vijana mnaoshinda humu ndani, na wakuu wengine wote, nawasalimu.

Ninalosimulia lilinipata mimi mwenyewe, si la kuambiwa. Sitaongeza chumvi, maana kwa umri huu sitafuti kupendwa na mtu. Atakayechoka kusoma apumzike, kisha arudi amalize.

Juzi nimesoma hapa kijana akilalamika kwamba kozi yake ya filamu imemshinda kwa sababu kompyuta yake ni ya zamani. Nilinyamaza. Leo nimeamua kusema.

Mimi pia nilifanya kozi ya filamu. Ilikuwa miaka ya sabini, hapa Nyansiongo, likizo ya Agosti, shule ikiwa imefungwa na baridi ikiwa kali.

Wakati huo nilikuwa mke kijana mwenye watoto wawili. Shule niliacha darasa la tatu. Kiswahili changu nilikiokota sokoni Keroka nikiuza ndizi, kwa hivyo nikikosea msinisahihishe, mnielewe tu.

Kanisa letu lilitangaza kozi ya kutengeneza sinema fupi za ukweli, zile mnazoita documentary. Kila kikundi kitoe mtu mmoja. Katika kikundi chetu cha akina mama, mmoja alisema ana majani chai ya kuchuma, mwingine akasema bwanake hawezi kukubali. Mwenyekiti akanigeukia.

"Wewe una mdomo," akasema. "Nenda ukautumie huko."

Ndivyo nilivyoingia. Sikuchaguliwa kwa akili.

Mwalimu alikuwa Mhindi mwenye studio ya picha mjini Kisii. Hapa nitamwita Bwana Ramesh. Alikuwa mtu mpole, lakini kwa kazi hakuwa na mchezo.

Siku ya kwanza alitupa kila mmoja kipande cha filamu, utepe mwembamba kama kamba ya kiatu, na kioo cha kukuzia. Akasema tusimame dirishani tutazame.

Niliona mwanamke anateka maji. Chini yake, mwanamke yule yule. Chini tena, yeye tena. Nikamwambia mwalimu kwamba mashine yake imerudia picha moja.

"Tazama mkono, mama," akasema.

Nikatazama mkono. Kwa kila picha mkono ulikuwa umepanda kidogo, kidogo sana, kama kivuli kinavyosogea uani wakati hakuna anayekiangalia.

Nilikaa hapo dirishani mpaka wenzangu walipokwenda kunywa chai. Nilikuwa na miaka yote ile ya kuteka maji, na sikuwa nimejua kwamba mkono wangu hupita mahali pengi hivyo kabla mtungi haujafika kichwani.

Sawa, tuendelee.

Kila mwanafunzi aliambiwa atengeneze sinema ya dakika chache kuhusu kazi ya mikono. Mmoja alichukua wachoma matofali. Mwingine alikwenda Itumbe kwa wachuma chai. Mimi nilisema nitamchukua baba mkwe wangu akitengeneza obokano.

Kwa wasiojua, obokano ni chombo chetu Abagusii, kama kinubi kikubwa, cha nyuzi nane na ngozi ya ng'ombe. Mlio wake unaingia kifuani kabla ya masikio. Baba mkwe wangu alikuwa fundi wa kukichonga na kukipiga.

Kijana wa wachoma matofali akacheka. "Mama, kamera hizi hazichukui sauti. Utatuonyesha ngoma bubu?"

"Sauti ninaisikia kila jioni," nikamjibu. "Mikono ndiyo sijawahi kuiona vizuri."

Na hiyo ilikuwa kweli tupu. Hapa ndipo pana shida yenyewe, msome polepole.

Kwetu kuna chinsoni. Ni heshima yenye aibu ndani yake, kati ya mtu na wakwe zake. Mke wa mtoto hamkazii macho baba mkwe. Hamshiki mkono. Wakikutana njiani, mmoja hupisha. Baba mkwe naye haingii nyumba ya mwanawe. Nilikuwa nimeolewa katika boma lile miaka kadhaa, ninampikia mzee, na sura yake nilikuwa siijui. Nilijua miguu yake, koti lake na kikohozi chake.

Vijana mnaweza kuita huo ushamba. Nyinyi mnakaziana macho siku nzima, na bado mnatukanana.

Ombi langu lilipitia kwa mama mkwe, kama ilivyo desturi. Mzee alifikiri siku kadhaa. Kisha akakubali, na alipokubali alikubali kupita kiasi. Alitangaza kanisani na sokoni kwamba ataonekana kwenye sinema. Akaalika ukoo mzima waje siku ya kufunga kozi.

Nilifika uani na kamera. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, anavuta ngozi mbichi juu ya bakuli la mti. Nikaweka jicho kwenye tundu la kamera.

Uso wake ukaja wote, karibu kuliko uso wa mtoto anayenyonya.

Nilishusha kamera kama niliyeungua. Sikuona hata pua ilivyo.

Basi nikapiga picha mikono. Nikapiga ngozi, na siku nyingine nyuzi zikivutwa, magoti, nyayo, kigoda, mgongo. Nilimzunguka mzee pande zote kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia, na shingoni sikupanda.

Filamu ilipelekwa Nairobi kuoshwa. Iliporudi Bwana Ramesh akatuonyesha ukutani, darasa zima.

Darasa likaanza kuguna. Kijana wa matofali akasema, "Mama, mzee wenu kichwa alikiacha wapi? Sokoni?"

Walicheka mpaka wengine wakashika madawati.

Bwana Ramesh hakucheka. Aliniita nje.

"Mikono ni mizuri sana," akasema. "Lakini sinema isiyo na mtu siwezi kuionyesha siku ya mwisho. Uso uko wapi?"

Nilimweleza chinsoni nikitazama viatu vyake. Nilijua ataniona mjinga.

"Mama yangu," akasema, "alivuta sari juu ya uso wake mbele ya babu yangu mpaka siku babu alipokufa. Ninakuelewa kabisa." Kisha akanipa kasha moja la filamu. "Limebaki hili tu. Tafuta njia."

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na wasiwasi. Si kwa ajili ya kozi. Kozi ningeiacha, ndizi zangu zipo. Ilikuwa kwa ajili ya mzee. Watu wa ukoo wangekuja na nguo za kanisani, wakae, waone matofali, waone chai, kisha waambiwe nendeni nyumbani. Mzee angetembea vipi sokoni baada ya hapo? Na aibu hiyo ingekuwa imetoka mkononi mwangu, mke wa mwanawe.

Nilimwambia mama mkwe yote tukichambua mboga.

"Wewe huwezi kumtazama," akasema.

"Siwezi, mama."

"Mimi nimemtazama tangu nikiwa msichana. Nimechoka naye. Leta hiyo kitu."

Wakuu, mama mkwe wangu hakuwa amewahi kushika hata saa ya mkononi. Nilimfundisha nyuma ya jiko, kamera ikiwa juu ya miguu yake mitatu, tukimtumia kuku. Nilimwonyesha pete ya kuzungusha mpaka kitu kitoke kwenye ukungu. Alizungusha, kisha akazungusha tena.

"Ninaona jicho lake," akasema kwa sauti ndogo. "Kuku ana kope."

Asubuhi iliyofuata tulisimamisha kamera uani. Mama mkwe akainama kwenye tundu. Mimi nilichuchumaa kando, nimegeukia migomba, mgongo wangu kwa mzee, kidole changu kwenye kitufe. Tulikubaliana akisema "sasa" ninabonyeza.

Nilimsikia akizungusha pete. Halafu akaanza kucheka.

"Huyu ndiye aliyenioa?" akasema. "Mbona anaenea kwenye tundu la panya?"

"Usinitazame hivyo, mwanamke," mzee akasema. "Mimi si ng'ombe wa mnada."

"Ng'ombe wa mnada angekuwa amenyoa ndevu."

Mzee akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka karibu hivyo.

Hapo mama mkwe akasahau tuliyopanga. Kazi ilikuwa ampige picha mzee akifunga nyuzi. Lakini mzee, kama mama mkwe alivyoniambia baadaye, alikuwa ameacha nyuzi, anamtazama mkewe, na mkewe naye anamtazama ndani ya tundu. Nikasikia ndege kwenye migomba.

"Sasa," akasema.

Nikabonyeza, na sikuachilia mpaka kamera ilipoacha kunguruma yenyewe.

Wakati wa kukata na kuunganisha, ile kazi mnayoita editing, tulitumia wembe na gundi ya utepe. Sehemu ya mikono nilikata mimi. Nilijifunza kwamba ukikata mapema kidogo, mkono unaonekana mwepesi, na ukichelewa unaonekana umechoka. Mkono ni ule ule. Jambo hilo bado linanishangaza nikiwa jikoni.

Sehemu ya uso nilimwachia mwalimu.

"Niiweke wapi?" akauliza.

"Mwisho. Watu wamjue kwanza kwa kazi yake."

Siku ya kufunga walifunika madirisha ya darasa kwa mablanketi, wakatundika shuka ukutani. Jenereta likawa linalia nje. Ukoo ulikuja wote. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, mzee mbele na fimbo yake.

Tuliona matofali. Tuliona chai. Kisha mikono ikatokea juu ya shuka, mikubwa kuliko mlango, na hakuna aliyeguna. Kila mtu pale alikuwa amewahi kupokea kitu, hata chakula, kutoka mikono ile, na ilikuwa kama tunaiona mara ya kwanza.

Uzi wa nane ulipovutwa nilijua kinachofuata. Nikainamisha kichwa.

Chumba kikanyamaza. Hata watoto. Nilitazama sakafu, na sakafu ilikuwa imepata mwanga.

Kisha nikasikia fimbo ikigonga chini. Mzee alikuwa amesimama.

"Huyo ni baba yangu," akasema. "Nani amemleta hapa?"

Baba yake alikuwa amekufa zamani. Mzee hakuwa na kioo nyumbani ila kipande cha kunyolea ndevu, cha kuonyesha shavu moja kwa wakati. Uso wake mzima alikuwa hajauona tangu azeeke.

"Ni wewe, mzee," mama mkwe akasema polepole kutoka upande wetu. "Ni wewe huyo. Kaa."

Hakukaa. Akamwomba Bwana Ramesh arudishe. Ikarudishwa. Akaomba tena. Kila mara nilijua uso umefika kwa sababu chumba kiliacha kupumua.

Mara ya mwisho niligeuka, sikutazama shuka. Nilimtazama mama mkwe. Mwanga wa mzee ulikuwa umemwangukia usoni, na alikuwa anamtazama kama vile hakuwa amemchoka hata siku moja.

Niliyoyaona ya sinema yangu yanaishia hapo. Yaliyobaki waliyaona wengine.

Filamu yenyewe ilibaki na Bwana Ramesh. Baadaye familia yake ilihama Kisii na sijui ilienda na nani. Mzee naye ameshatangulia, na mama mkwe, Mungu awaweke.

Nilichojifunza ni hiki. Kamera inaweza kukuletea mtu karibu kuliko unavyoruhusiwa kumkaribia, kwa hivyo jua kwanza umesimama wapi mbele ya huyo mtu. Mkifika mahali pa kutofika, msivunje mlango. Tafuteni mwenye haki ya kuingia, mmfundishe. Nyinyi mna kamera mfukoni na mnapiga watu picha hata wakiwa wanalia msibani. Hilo silipendi na sitalipenda.

Kama kwenu kuna mila iliyowahi kukuzuia kumwona mtu wako vizuri, au ulipata njia, andika hapo chini. Nitasoma zote. Matusi sitajibu.

Jioni ile ya sinema mume wangu alikuja kuniuliza kwa nini silali na kwa nini sili. Nikamwambia kila mtu pale Nyansiongo anaijua sura ya mzee isipokuwa mimi niliyeipiga picha.

Kwetu mjukuu hana chinsoni na babu yake. Anaweza kumkalia mapajani, amvute ndevu, amtanie. Basi kulipokucha niliwaamsha watoto wangu wote wawili, nikawaosha nyuso, nikamwita na baba yao asikie, nikatoa amri moja.

"Leo hakuna kwenda mtoni wala kuchunga. Nendeni kwa babu yenu, mkae mbele yake, mmtazame mpaka mchoke. Kisha rudini hapa mniambie alivyo."