Kiganja cha Mama Jikoni

Mama yangu anapika biriani na pilau za harusi hapa Majengo. Masala alijifunza usichanani, jikoni kwa familia moja ya Kihindi iliyokuwa na duka la vitambaa mjini. Mimi nimeishia kidato cha pili, lakini nina mpango wa kufungua mgahawa wenye mlango wa kioo, yeye akae kaunta anywe chai, mimi nitoe jasho. Kwa hiyo kidonda cha kidole chake cha mguu kilipogoma kupona, nililia kuliko yeye.

Nesi wa kliniki ya kisukari alimwambia ale ugali wa dona na mchicha wa kuchemsha. Mama akaitikia vizuri. Tulipotoka nje akasema, "Mchicha wa kuchemsha! Bora nife na ladha mdomoni."

Basi nikaamua kukibadilisha chakula chake chenyewe. Chapati nikazisukuma kwa unga wa ngano usiokobolewa, nimeuchanganya na uwele, nikazichoma bila mafuta. Mchuzi nikautilia mtindi badala ya samli. Wali nikampimia kikombe kimoja, dengu nikazijaza sahani, mchicha nikauunga kwa bizari na tangawizi mpaka jirani akauliza leo tuna mgeni gani. Mama akala, akalamba vidole.

"We mtoto, hii ni ya kwetu kabisa."

Nilicheka siku nzima.

Lakini sukari haikushuka. Kila tukienda kupima, iko kule kule juu, na kidonda kinachimba. Nesi akanitazama mimi, siyo yeye: "Unampa nini mama yako?" Nikarudi nyumbani nimenywea. Nikapekua mkoba wake, kabati, hata chini ya mto, na ninaona aibu kuandika hivyo. Sikukuta hata pipi.

Jumamosi kulikuwa na harusi, nikaenda naye. Siku hiyo sikumwondolea jicho. Akamimina mchuzi wa biriani kiganjani, akalamba. Akaongeza chumvi, akalamba tena. Pilau, kiganja. Kiazi kimoja, kuona kama kimeiva. Tambi za sukari, kijiko. Halafu kipande cha ukoko. Kufika adhuhuri alishakula sahani mbili, na bado anawaambia wenzake hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Wala hakuwa anadanganya. Kwa mpishi, kuonja hakuhesabiwi.

Kesho yake nikamwambia. Akawaka. "Nisionje? Si useme tu nikae nyumbani!"

"Onja kama unavyoonja ukifunga, mama. Ncha ya ulimi, unatema."

"Ramadhani natema kwa ajili ya Mungu. Hapa niteme kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya mguu."

Harusi iliyofuata alijaribu. Akagusa mchuzi kwa ulimi, akatema kwenye majivu. Mama mmoja aliyekuwa anamenya vitunguu akapiga kigelegele.

"Jamani, shoga! Mimba hiyo ya nani?"

"Kuna babu wa watu kafanya kazi!" akadakia mwingine.

Wakaangua kicheko, hata mimi kidogo. Mama hakucheka. Akagusa tena, akatema tena, akabaki amesimama na upawa mkononi kama mtu aliyepotea njia.

"Siisikii," akaninong'oneza. "Bila kumeza, chumvi siisikii. Onja wewe."

Nikajimiminia kiganjani. Mchuzi ulikuwa umepooza, jambo ambalo sijawahi kulikuta kwenye sufuria yake. Nilitamani nimwambie uko sawa.

"Haujakolea, mama."

Akanipa bakuli la chumvi, akaenda kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu wenye bandeji kaunyoosha mbele. Uani watu walishaanza kunawa mikono. Nikachota chumvi, nisijue nitie kiasi gani, nikamtazama. Alikuwa amegeukia ukutani.