Msiba Uliokosa Yowe

Lusia, ambaye mtaa mzima wa nyuma ya soko la Katoro ulimwita Mama Fredy, alikuwa mwoga, na woga wake aliuficha nyuma ya maneno makali. Aliuza mchele, sukari na mafuta ya kula katika frem ya duka iliyoungana na nyumba yake. Katika chumba cha uani alilala mama yake mzazi, Bibi Martina, aliyekuwa hajiwezi tangu masika.

Kiwanja cha kando ya barabara kuu kilipozungushiwa mabati, na bango likatangaza supamaketi itakayofunguliwa kila siku tangu alfajiri hadi usiku, usingizi ulimpaa Mama Fredy. Hakuwa peke yake. Wafanyabiashara waliitana mkutano, na hapo Athanas, muuza saruji na misumari, akatoa hoja yake.

"Sisi hapa yowe likisikika tu, tunafunga milango mpaka tutoke makaburini," alisema. "Na Katoro hii, leo ajali ya bodaboda, kesho shimo la dhahabu limetitia. Supamaketi haitafungia msiba wa mtu. Mteja akikukosa mara mbili, ndiyo basi tena. Hoja yangu ni hii: tusifunge tena maduka kwa msiba."

Mzee Ndaki, kiongozi wa wachimba makaburi wa mtaa, aliinuka taratibu. "Athanas mwanangu, siku yako ikifika hao wenye supamaketi watakuchimbia? Au watakuweka kwenye friji pamoja na soseji?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Fredy hakucheka.

"Shikamoo, Mzee Ndaki. Wewe una ng'ombe, wanazaa hata ukiwa matangani. Mchele wangu hauzai. Anayetaka kuzika akazike, anayetaka kuuza auze!"

Hoja ilipita kwa mikono michache iliyozidi, na mkono wa Mama Fredy ndio uliotangulia kuinuka. Wakati wa kutoka, Zakia, muuza vitenge wa frem ya jirani, alimvuta kando.

"Shoga, leo umetuuza."

"Nimejiokoa."

Hofu ni mshauri mbaya. Humwonyesha mtu shimo lililo mbele na kumficha lililo nyuma yake. Wiki haikuisha. Asubuhi moja Mama Fredy aliingia chumba cha uani na kikombe cha uji, akakuta mkono wa mama yake umekuwa wa baridi na mgumu.

"Mayu?" alimwita mama yake kwa Kisukuma. "Mayu!"

Alifungua kinywa apige yowe, kisha akakiziba kwa kiganja. Yowe ampigie nani? Mwanawe Fredy alikuwa kwenye mashimo ya dhahabu huko Geita, simu yake haipatikani. Ndugu walikuwa kwao Ibadakuli, mbali. Waliobaki ni watu wa mtaa, nao alikuwa amewaambia kwa kinywa chake mwenyewe kwamba anayetaka kuuza auze. Aliona kabisa itakavyokuwa: analia, mtaa unasikia, mizani inaendelea kupima, na mama yake anakwenda kaburini kama mtu aliyeokotwa njiani.

Akamfumba mama yake macho, akamfunika shuka hadi kichwani. Kisha akafanya jambo ambalo mtoto wa mtu hapaswi kulifanya. Alikwenda kufungua duka.

Alipima sukari ikamwagika. Mteja alimtania, "Mama Fredy, mikono hiyo umekunywa nini asubuhi yote hii?" Kila kivuli kilichopita mlangoni kilimshtua.

Akaingia Zakia. Kila siku hakuanza biashara kabla ya kumwamkia bibi, na hata ugomvi wa mkutano haukuikata desturi hiyo.

"Napita kumpa bibi shikamoo yake."

"Amelala," alisema Mama Fredy, akasimama kwenye mlango wa uani.

"Bibi huyu anayeamka kabla ya jogoo?"

"Nimesema amelala, Zakia!"

Zakia alimtazama usoni, akatazama sukari iliyotapakaa mezani. Akamsogeza kwa bega, akapita. Alipotoka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Amekwisha kuwa mgumu, Lusia. Tangu lini?" Hakuwa amewahi kumwita kwa jina. "Mama amelala maiti, nawe unapima sukari?"

"Hawatakuja," Mama Fredy alinong'ona. "Nikilia hawatakuja. Niliwaambia wauze."

Zakia alikwenda barazani, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe lililofika sokoni.

Mama Fredy alijibana ukutani akisikiliza. Muziki wa duka la simu uliendelea. Mtu alicheka mahali fulani. Kisha muziki ukakatika, mlango wa chuma ukashuka kwa kishindo, na mwingine, na mwingine mbali zaidi. Wanawake waliingia uani wakijifunga kanga viunoni. Nyuma yao alikuja Mzee Ndaki na wanaume wenye majembe.

"Anazikwa hapa au Ibadakuli?" aliuliza.

"Hapa," alisema Mama Fredy, asithubutu kuinua macho. Alingoja mzee aseme neno juu ya mkutano. Mzee aliwagawia watu wake kazi, akageuka kuondoka, kisha akasimama.

"Nenda ukafunge duka, Mama Fredy," alisema kwa sauti ya chini. "Yamebaki mawili yaliyo wazi. La Athanas, na hili la kwako."